Sasa ya Khalti Nouara

Wasikilizaji wapendwa, kama mko jikoni, punguzeni moto kidogo. Kama mko garini kwenye foleni ya darajani, msipige honi, haisaidii kitu. Kaeni nami.

Leo tunamkumbuka Nouara Zerdazi. Najua, jina hilo halijawagusa bado. Basi nilitaje jinsi mlivyolijua. Khalti Nouara. Khalti wa dukani. Naam, nadhani vijiko vimesimama.

Khalti Nouara amefariki. Amefariki Jumatatu alfajiri, hapahapa Konstantina, kitandani kwake, akiwa na miaka sabini na tisa. Jana tumemzika. Khalti ni dada wa mama, na huyu alikuwa dada wa mama zetu wote. Hata wazee wenye ndevu nyeupe walimwita hivyo sokoni, nao walikuwa wakubwa kuliko yeye.

Kipindi chake kiliitwa Duka la Khalti. Kilianza mwaka 1971, kikaisha mwaka 2004. Miaka thelathini na mitatu. Watoto walioanza nacho walimaliza wakiwa na watoto wao magotini.

Wengine mnakikumbuka kama mnavyokumbuka ndoto. Mnajua kilikuwepo, lakini mkitaka kukisimulia, kinateleza. Hebu tukishike pamoja. Televisheni ina miguu minne na kitambaa cha lesi juu. Baba yuko darini anageuza antena, mama dirishani anapaza sauti: "Hapo! Hapo! Hapana, umepita!" Kioo kimejaa chengachenga. Halafu chengachenga zinatulia, kama ukungu unavyotulia korongoni asubuhi, na ndani yake linatokea duka.

Duka la kawaida kabisa. Rafu za mbao, mizani ya shaba, kengele mlangoni. Rafu zile hazikuchongwa na fundi wa studio. Zilitoka mtaa wa Souika, dukani kwa baba yake Nouara, aliyeuza sukari na dagaa wa kopo mpaka macho yalipomshinda. Nouara alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Alipoitwa studio kujaribu kipindi cha watoto, aliwauliza: "Mna rafu?" Wakasema hawana. Akarudi na mkokoteni.

Mchezo wenyewe mnaujua. Mtoto anasukuma mlango, kengele inalia. Anauliza, "Khalti, unauza nini leo?"

"Leo nina mvua mpya, imeletwa asubuhi. Nina mwangwi wa chini ya daraja, umebaki kidogo. Nina kivuli cha mtini, nauza kwa mita."

"Nipimie mvua nusu kilo."

"Utalipa nini?"

Hapo mtoto alilipa kwa anachokiweza. Aliimba. Aliruka sarakasi. Alisoma shairi akasahau katikati. Yuko mmoja wa Batna aliyelipa kwa kutikisa masikio, na kamera ikayasogelea mpaka yakajaa kioo kizima. Kisha mtoto aliuliza swali ambalo nyumba zote zililisubiri.

"Nitaipata lini, Khalti?"

Naye alijibu neno moja.

"Sasa!"

Na kweli ilikuwa sasa. Taa zilififia, punje za mchele zikamiminwa kwenye sinia nyuma ya pazia, na mvua ikanyesha dukani. Sauti yake tu, lakini sisi tulijifuta nyuso. Aliyekuwa akimimina mchele ni Layachi, ambaye pia alikaa chini ya kaunta na mkono wake ndani ya paka. Mnamkumbuka Filfil, kikaragosi wa paka mwenye sikio moja? Ammi Layachi, maana naye ni amu yetu sote, yuko nasi hapa studio leo, ana miaka themanini na moja, na goti lake bado linamlaumu kwa ajili ya kaunta ile.

Ammi Layachi anasema: "Nouara alikuwa na sheria moja. Ukimwambia mtoto sasa, iwe sasa. Siku moja mchele ulikwama guniani, nikamwambia kwa sauti ya chini, mwambie asubiri kidogo. Akanikanyaga vidole. Nikaitema mvua kwa mdomo wangu mwenyewe, shhhh, mpaka mate yakaniisha."

Lishikeni neno hilo, wasikilizaji wapendwa. Sasa. Mambo yote ya leo yanazunguka hapo.

Mwaka 1984 Ramadhani iliangukia Juni. Siku ndefu, joto la kupasua vigae. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, Duka la Khalti likapelekwa nchi nzima, kila jioni ya mfungo, moja kwa moja, bila kurekodiwa. Kabla ya hapo kilionekana mashariki tu. Sasa kilionekana kote, toka mpaka wa Tunisia hadi mpaka wa Moroko.

Jioni ya kwanza ilikwenda vizuri. Mwishoni mzinga wa mji, ule wa kutangaza futari, ukalia, ukasikika mpaka ndani ya studio. Mtoto aliyekuwa dukani akauliza, "Khalti, tufuturu lini?" Naye, mbele ya nchi nzima, akainua tende, akasema, "Sasa!" Akaila.

Ilikuwa sasa ya Konstantina. Mnaona kosa lilipo. Jua letu huzama mapema. Kule Oran na Tlemsen lilikuwa bado limekaa juu ya paa, halina haraka hata kidogo.

Watu wazima wa magharibi walicheka tu. Watoto hawakucheka. Jioni hiyo kulikuwa na watoto waliokuwa wakifunga kwa mara ya kwanza maishani mwao. Na kwetu sisi, mfungo wa kwanza wa mtoto ni harusi ndogo. Huvalishwa nguo mpya, hupandishwa juu ya paa, huandaliwa sharubati ya ndimu na maji ya maua ya mchungwa, na ndani ya glasi huwekwa pete. Mtoto ameshinda na kiu tangu alfajiri kwa ajili ya glasi ile. Kisha Khalti, ambaye hajawahi kudanganya, anasema sasa.

Wakanywa.

Simu zikaanza kuingia kituoni. Ya kwanza ilitoka Nedroma, mji mdogo wa milimani karibu na mpaka. Alikuwa msichana wa miaka tisa anayeitwa Setti. Alimpita bibi yake, akaishika simu ya jirani mwenyewe. Nouara aliipokea akidhani ni pongezi.

Setti alisema: "Khalti, ulisema sasa. Haikuwa sasa."

Akakata.

Ammi Layachi anakumbuka uso wa Nouara baada ya simu hiyo. "Tulikuwa tumepakua supu. Hakuigusa. Nikamwambia, dada, mtoto hana dhambi, hata sheria haimbani. Akasema, nani kakuambia nazungumzia dhambi? Nazungumzia mimi. Kesho nikimwambia mvua hii ni mvua, ataniaminije?"

Kesho yake mkurugenzi wa kituo akasimamisha kipindi. Jina lake tuliache, alikuwa mtu mpole, simu tu zilimchosha. Alimwambia Nouara duka lifungwe mpaka mfungo uishe, na wakati huo upigwe muziki wa maloufu. Baada ya Idi wangeona kama kuna haja ya kulifungua.

"Kama kuna haja?" Nouara akauliza.

"Khalti, watoto husahau upesi."

"Hapo ndipo unapowakosea. Wewe umesahau. Wao hawajasahau kitu."

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Duka limefungwa. Huenda halitafunguliwa tena. Na hata likifunguliwa, kuna mtoto milimani anayejua kwamba sasa ya Khalti si kweli. Kwa Nouara, jambo hilo la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. Akafunga mtandio wa safari kichwani, akapanda treni ya magharibi. Alisafiri amefunga, katika joto lile, nchi nzima ikipita dirishani kama kitu kinachosimuliwa na mtu mwenye usingizi. Mashamba ya ngano. Mabonde. Stesheni zenye paka na hazina watu. Kutoka Tlemsen akapanda basi.

Mlango wa Nedroma ulifunguliwa na bibi yake Setti, Mansouria. Alimtazama mgeni toka juu mpaka chini. Safari haikuwa ndefu, kwa sababu Nouara alikuwa mfupi.

"Wewe ndiye wa kwenye televisheni? Mbona hujafika hata kitasani?"

"Kule nasimama juu ya kreti, mama."

"Ingia. Nyie watu wa mashariki mna haraka, mpaka jua mnalisukuma kwa mkono."

Setti alikuwa uani. Alimwona, akageuza uso ukutani. Nouara akaketi chini. Hakumbembeleza, hakumpa zawadi, maana hakuleta. Akasema tu: "Umesema kweli. Haikuwa sasa. Nilisema sasa yangu, nikadhani ni ya wote."

Setti leo ni mkunga mjini Tlemsen. Tulimpigia juzi. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia, lakini alicheka alipofika hapa. "Nilikuwa na kiburi, sikutaka kumpa hata jicho. Nikamwambia: kesho nafunga tena. Na wewe ukae hapa. Na usiniambie chochote."

Nouara akakaa. Kesho yake alishinda uani kwa watu asiowajua, amefunga, kimya. Jioni wakapanda paani wote wawili. Glasi ipo. Pete imo ndani ya glasi. Anga la Nedroma likageuka rangi ya komamanga, halafu rangi ya majivu. Mbayuwayu wakapita chini kiasi cha kuwagusa. Huko mashariki, Konstantina ilikuwa imeshakula na kuosha vyombo. Hapa jua bado. Nouara hakusema neno. Mtu aliyeishi kwa kuongea hakusema neno. Mansouria alipiga kelele toka chini, "Mmelala huko juu?"

Adhana ikaanza msikitini. Setti akaishika glasi kwa mikono miwili, akamgeukia mgeni.

"Sasa," akasema.

Wakanywa kwa kupokezana.

Nouara aliporudi alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mkurugenzi, vumbi la basi likiwa bado viatuni. Alitaka vitu viwili. Duka lifunguliwe jioni hiyohiyo. Na kwenye kaunta iwekwe simu.

"Simu ya nini?"

"Sitasema sasa tena katika Ramadhani. Watasema wao. Duka litabaki wazi mpaka mtoto wa mwisho kule magharibi apige simu aseme. Ndipo nitakula."

"Khalti, ikifika saa hiyo Konstantina yote iko mezani. Nani atakutazama?"

"Wenye njaa."

Mkurugenzi akacheka, naye hakutaka kucheka. Ukweli ni kwamba akina mama wa magharibi walikuwa wamempigia simu siku hizo pia. Hawakulalamika tena. Waliuliza duka liko wapi, watoto wanawachanganya. Akakubali kwa wiki moja, ajaribu.

Wiki moja ikawa miaka ishirini.

Wasikilizaji wapendwa, mnaotoka magharibi mnaijua saa ile kuliko sisi. Mafundi wa studio waliiita zamu ya magharibi. Mzinga wa mji wetu unalia. Mpiga kamera anakula kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye kamera. Nyuma ya mitambo unasikia vijiko. Na Nouara amekaa kwenye kreti lake, hajala, anazungumza polepole na watoto asiowaona. Hakuna kengele tena, hakuna wanunuzi. Anawasimulia kuhusu mji ulio chini ya korongo, ambao watu wake hulala mchana na kuota sisi. Anapima kivuli kwenye mizani. Anakunja ukungu kama shuka, pembe kwa pembe, anauweka rafuni.

Chini ya kaunta paka anaguna.

"Khalti, nasikia harufu ya bureki."

"Nyamaza, Filfil. Wewe hata hukufunga."

"Nimefunga! Nimefunga tangu mchana!"

"Ulikula kichwa cha dagaa, nimekuona."

"Kichwa si chakula, Khalti. Kichwa ni mazungumzo."

Kule Oran, na Tlemsen, na Maghnia, watoto wenye midomo mikavu walicheka, na jua likashuka kidogo bila wao kujua. Halafu simu ililia. Ya mwaka ule, ya kwanza kabisa, ilikuwa ya Setti. Baada yake ikawa kila jioni mtoto mwingine, na waligombania nafasi hiyo kuliko zawadi yoyote. Sauti ndogo, ya mbali, yenye mikwaruzo ya waya. "Khalti? Sasa." Ndipo alipokula.

Katika miaka migumu ya tisini, watu walipofunga milango mapema na mtaa ukanyamaza kabla ya giza, zamu ya magharibi haikukosa hata jioni moja. Rym, binti wa kaka yake, aliyelelewa naye, anasema kuna jioni walimwomba asiende studio, barabara si salama. "Akaniambia, Rym, kuna mtu ameshika simu kule. Akavaa koti, akatoka. Nilimchukia jioni ile. Nilimwona anawapenda watoto wa watu kuliko mimi. Aliporudi aliniamsha, akaketi kitandani kwangu. Akasema, niliogopa njia nzima. Hakunificha. Basi nikalala."

Mwaka 2004 walikuja wasimamizi wapya. Vijana wazuri, suti safi. Walimwambia matangazo ya moja kwa moja yamepitwa na wakati, yanaleta usumbufu. Watarekodi mwezi mzima wa Ramadhani kwa siku mbili.

"Na simu?" akauliza.

"Hilo jepesi, Khalti. Tutamchukua mtoto wa hapahapa Konstantina, akae chumba cha pili, aseme sasa. Tutamwekea mikwaruzo ya waya."

"Halafu?"

"Halafu basi. Nani atajua?"

"Yule anayengoja."

Ammi Layachi alikuwepo. Anasema Nouara hakupandisha sauti. Aliomba tarehe ya kipindi cha mwisho, kiwe moja kwa moja, akapewa. Siku hiyo hakuwaambia watoto kwamba duka linakarabatiwa. Hakuwaambia watakutana siku nyingine. Alisema: "Wanangu, leo nafunga duka. Halitafunguliwa tena. Si kwa sababu yenu. Kama mnataka kulia, lieni, mimi nipo hapa, sina pa kwenda." Akakaa. Kamera ikamtazama, naye akaitazama kamera, muda mrefu. Filfil akaweka kichwa juu ya kaunta. Hapakuwa na muziki. Mimi nilikuwa mmoja wa waliolia sebuleni kwao, na sijawahi kulia kwa raha namna ile.

Rafu alizichukua. Mkokoteni tena, safari hii Layachi akisukuma. Ziko ukumbini kwake, zimejaa mitungi ya maji ya maua ya mchungwa, aliyokuwa akiyachuja mwenyewe kila majira ya kuchipua na kuwagawia majirani.

Alipougua mwaka jana, daktari alimwambia, "Utatuzika sote, Khalti." Rym anasema alimshika daktari mkono, akamwuliza kama ana watoto. Daktari akasema anao wawili. "Basi sema nami kama ungetaka watu waseme nao." Daktari akavuta kiti, akamwambia ukweli, kwamba hatapona. Nouara akashukuru. Akampa chupa ya maji ya maua.

Jumatatu asubuhi, mwili ukiwa bado ndani, mtoto wa ghorofa ya pili, Maram, miaka minne, aligonga mlango. Yeye hajui televisheni wala duka. Anamjua bibi anayempa halua ya jouzia yenye asali. Mama yake alimfuata mbio ngazini, akamwambia Khalti amesafiri, amekwenda Ufaransa, atarudi na mdoli. Mama mwema, alitaka kumkinga tu.

Rym alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi. Anasema hakufikiri. Alichuchumaa. "Nikamwambia, Maram, Khalti amekufa. Hatarudi. Akaniuliza, hata jioni? Nikasema, hata jioni. Akalia. Mama yake aliniangalia kama nimempiga mtoto kibao. Tukakaa ngazini watatu. Tulikaa mpaka akanyamaza mwenyewe, akaomba maji."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tunaofanya kazi katika redio hii, tunampa pole Rym na ukoo wote wa Zerdazi. Tunampa pole Ammi Layachi, ambaye hapa mbele yangu ameuficha uso kwa kofia. Tunampa pole Setti kule Tlemsen, na kila aliyewahi kushika simu ile. Mola amlaze Nouara mahali pema. Nyumba ya msiba iko wazi leo na kesho. Rym anasema waleteni watoto, vigoda vimepangwa sebuleni. Watu wazima mtasimama.

Na kabla hamjaongeza moto jikoni, fikirieni nyumba zenu. Huenda yumo mtoto anayeambiwa babu yuko hospitali bado kidogo. Huenda yumo anayeambiwa baba atakuja wiki ijayo, na wiki zimepita. Yuko dirishani, hasumbui, na nyie mnasema amesahau. Nendeni mkamwambie. Atalia.

Kaeni naye mpaka amalize.